Sura ya Kutolea Pole

Subilaga Mwaisaka aliiona sura yake mwenyewe ikimwomba mgonjwa radhi kwa sababu chai imechelewa.

Ilikuwa saa nne asubuhi, katika wodi ya upasuaji ya hospitali moja jijini Mbeya. Alikuwa amekuja kumjulia hali mdogo wake, Atupele, aliyekatwa kidole tumbo siku mbili nyuma. Amekaa kwenye stuli, anammenyea chungwa, mara akasikia upande wa pili wa pazia sauti ya mwanamke ikisema kwa upole, "Pole, Lugano. Chai imechelewa kidogo."

Akainua macho. Pazia halikuwa limevutwa lote. Kwenye kitanda cha jirani alilala kijana aliyefungwa bandeji kuanzia shingoni hadi kiunoni, mikono nayo, na juu ya miguu yake kilining'inia kioo chembamba kama mkeka. Ndani ya kioo mwanamke wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, alikuwa ameinamisha uso. Kabla hajasema neno jingine, mdomo wake wa chini ulitetemeka upande wa kushoto, kidogo sana.

Kisu kilimponyoka Subilaga kikalia sakafuni.

"Dada, vipi?"

"Huyo ni nani?"

"Yupi?"

"Huyo! Huyo anayesema!"

"Aa, huyo ni Mliwazi. Hata mimi ninaye, nimemzima tu kwa kuwa umekuja." Atupele akagusa ukingo wa kitanda, na kioo chake nacho kikawaka. Mwanamke yuleyule, kitambaa kilekile. "Habari za saa hizi, Atupele," akasema. "Naona leo una mgeni."

Atupele alikitazama kioo. Akamtazama dada yake. Akakirudia kioo.

"Yesu wangu," akasema taratibu. "Siku mbili nazungumza naye, najiuliza huyu mama nimemwona wapi."

Si ajabu kwamba hakumtambua. Sura ya kwenye kioo ilikuwa imepunguzwa miaka kumi na tano. Mashavu yamejazwa, makunyanzi yamepigwa pasi, ngozi imesawazishwa kama ya mtu asiyewahi kuinama kwenye moshi. Lakini kovu lililoikata nyusi ya kushoto walikuwa wamesahau kulifuta, na ule mdomo hawakuugusa kabisa. Subilaga aliujua mdomo ule. Alijua mwezi, siku na saa ulipotetemeka hivyo.

Akamwita muuguzi aliyekuwa anapita na trei. "Hiki kitu kizimeni."

"Cha mgonjwa wako nitakizima, mama."

"Vyote. Na hicho cha pale."

"Usizime!" Kijana wa bandeji aliinua kichwa kwa taabu. "Nesi, usimsikilize. Saa tano wanakuja kunibadilisha bandeji. Usizime!"

Muuguzi alimvuta Subilaga pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini. Kijana yule, Lugano, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Bomba la mvuke lilimpasukia. Dawa za maumivu walikuwa wamempa kadiri walivyoweza, zaidi ya hapo moyo wake usingestahimili. Kilichobaki ni Mliwazi. Kamera yake husoma pumzi na mapigo ya mgonjwa, na sura hujibu kila badiliko, ikipunguza mwendo pale mgonjwa anapoharakisha, ikinyamaza pale anapotaka kunyamaziwa. Tangu waitundike, Lugano hakung'oa tena mipira ya dripu.

"Sijui kwa nini inafanya kazi," alisema muuguzi. "Ninajua tu kwamba inafanya."

Subilaga alirudi kumalizia chungwa la mdogo wake, na saa tano haijafika akaaga.

*

Nyumbani kwake, chini ya mlima Loleza, kulikuwa na chumba cha nyuma ambacho hakulala mtu. Subilaga alikuwa mwalimu wa kemia, na chumba kile kilikuwa studio yake. Ukutani shuka jeupe lililopigwa misumari. Dirisha moja linalotazama kaskazini, lenye nondo za msalaba, na kioo chake cha juu kilichovunjika kimezibwa kwa kipande cha boksi la sabuni. Kamera ilikaa juu ya stuli iliyoongezwa kimo kwa vitabu. Taa aliifunika karatasi ya kuokea keki ili mwanga usichome, na karatasi ya fedha aliyoibandika kwenye mbao ilimrudishia nuru upande wa kivuli.

Alianza kujipiga picha miaka kumi na miwili iliyopita, mwezi mmoja baada ya kumzika Tumpe, mwanawe wa pekee, aliyechukuliwa na homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka tisa. Hakutaka kuonekana na mtu, na hakutaka kusahau alivyokuwa. Basi kila Jumapili mchana alijifungia mle. Jumapili nyingine alijipaka unga uso mzima akakaa mpaka ukapasuka. Nyingine alijifunika chandarua, akajipiga toka nje na toka ndani. Aliwahi kusimama nyuma ya kioo kilichonyunyiziwa maji, na aliwahi kuliacha jani la mgomba la nje ya dirisha limchore mistari kutoka paji hadi kidevuni. Kamera ikihesabu sekunde kumi, yeye alikimbia kutoka kwenye stuli hadi kwenye shuka, akatulia, akangoja.

Jumapili ya arobaini hakujipamba. Alikaa uso mtupu mbele ya dirisha, akaiweka kamera ipige picha thelathini kwa pumzi moja, na akajaribu kuliita jina la mwanawe kwa sauti. Halikutoka. Picha thelathini ziliushika mdomo ukijaribu na kushindwa. Alizitundika zote mtandaoni, katika ukurasa wa wapiga picha alioupenda wakati ule, bila maelezo yoyote. Watu wachache walizitazama wakanyamaza, na yeye aliwashukuru kwa ukimya huo.

Sasa alizifungua. Kando ya hizo aliweka picha ya kioo cha wodini, ambayo Atupele aliipiga kwa simu akamtumia. Akaikuza, akaikuza tena, mpaka mboni ya jicho ikawa kubwa kama sahani.

Kila mpiga picha anajua kwamba jicho hubeba nuru iliyolimulika. Ukimpiga mtu kwa taa ya duara, mbonini mwake utakuta duara. Ukimpiga dirishani, utakuta dirisha. Ndani ya jicho la Mliwazi, katika nukta nyeupe ambayo mtu mwingine angeiona ni mng'aro tu, mlikuwa na dirisha lenye nondo za msalaba, na kona ya juu ya dirisha hilo ilikuwa nyeusi, pale boksi la sabuni lilipoziba.

Walimpa miaka mingine na ngozi nyingine. Chumba chake walikiacha mlemle ndani ya macho.

"Washenzi," alisema Subilaga, peke yake, na neno hilo hakuwahi kulisema mbele ya wanafunzi wala nyuma yao.

*

Kampuni iliyotengeneza Mliwazi iliitwa Liwazo, na msemaji wake alikuwa Daktari Evarist Kamugisha, mtu mrefu mwenye adabu, aliyenyanyuka mgeni wake alipoingia na kumvutia kiti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kuchukua uso wangu."

Alitabasamu kama mtu aliyezoea malalamiko. Akaeleza kwamba sura ile haikuwa ya mtu. Mashine ilifunzwa kwa nyuso elfu arobaini zilizokuwa wazi kwa umma, kwa mujibu wa sheria ya hazina ya picha, inayosema picha iliyokaa hadharani miaka kumi bila pingamizi inaruhusiwa kufunzia mashine. Mliwazi ni wastani wa hizo zote. "Kila mtu ataona chembe ya ndugu yake mle, Mwalimu. Ndiyo maana inatuliza."

Subilaga hakubishana. Aliweka mezani karatasi mbili, jicho na jicho, dirisha na dirisha.

Daktari Kamugisha aliziangalia muda mrefu. Alipoinua uso, tabasamu lilikuwa limeondoka.

"Subiri kidogo," alisema, akatoka.

Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa na mafundi wawili, na hakukaa nyuma ya meza tena. Alivuta kiti akakaa upande wake. Akamweleza ukweli, na Subilaga alimheshimu kwa hilo tu. Mashine ilianza na nyuso elfu arobaini. Lakini iliachiwa ijirekebishe kwa kufuata mapigo ya wagonjwa: sura iliyowatuliza upesi iliongezewa uzito, isiyotuliza ikapunguzwa. Mwezi baada ya mwezi ilisogea, bila mtu kuiongoza, hadi ikafika kwenye picha thelathini za mwanamke mmoja na kukaa hapo.

"Hatukujua," alisema.

"Hamkutazama."

"Ndiyo. Hatukutazama."

"Unajua pale nilikuwa nafanya nini, Daktari? Ule mdomo. Nilikuwa nataka kumwita mwanangu ambaye nimemzika. Ninyi mnautumia kusema chai imechelewa! Mnautumia kusema choo kinasafishwa, ngoja dakika tano!" Alikuwa amesimama bila kujua. "Mngeniibia meza, ningenunua nyingine. Ile siku nitainunua wapi?"

Mmoja wa mafundi aliinamisha kichwa. Daktari Kamugisha alingoja akae.

"Mnaweza kuuondoa mdomo tu?" Subilaga aliuliza baadaye, sauti imeshuka. "Iacheni sura, ondoeni mtetemo ule."

"Haitoki. Vimeungana. Ni kama kutaka kutoa chumvi kwenye mchuzi ulioiva."

Sheria iliruhusu picha kufunzia mashine, si mashine kuvaa uso wa mtu mmoja bila ridhaa yake; basi kulikuwa na njia mbili. Angeweza kwenda na ushahidi wake kwenye Baraza la Sura, linalosikiliza mashauri hayo, na Baraza lingeamuru ifutwe. Kufunza nyingine kungechukua miezi minne, na kwa miezi hiyo vitanda mia sita na ishirini vingekaa bila Mliwazi. Au angesaini ridhaa, na jina lake lingeandikwa chini ya kila kioo.

"Nikisaini, nitaruhusiwa kuchagua maneno? Aseme pole kwa msiba na maumivu, chai aachane nayo?"

Kamugisha alisita. "Ridhaa haina vipande, Mwalimu. Na nisikufiche. Tuna maombi mengine. Vituo vya mabasi. Mahakama. Ofisi za leseni."

"Aseme nini huko?"

Kabla hajajibu, Subilaga alikwishasikia moyoni: *Pole, basi lako limeondoka.*

*

Siku mbili kabla ya Baraza kusikiliza shauri lake alikwenda wodini. Atupele alikuwa amekwisha ruhusiwa. Aliyemtaka ni Lugano. Alimkuta macho, Mliwazi amenyamaza juu ya miguu yake. Subilaga alisimama pale ambapo kijana angeweza kuona nyuso zote mbili kwa pamoja.

Lugano alitazama huku na huku. "Kumbe wewe ndiye uliyetaka azimwe."

"Ni mimi. Na unaona kwa nini."

Alimsimulia yote, picha za unga na za chandarua, hata kuhusu Tumpe. Alimaliza akiwa amechoka, maana ni habari ambayo hakuwahi kumsimulia mtu moja kwa moja toka mwanzo hadi mwisho. Lugano alisikiliza bila kumkatiza.

"Pole sana, mama," alisema. "Sikujua. Lakini sasa nimeshajua, na saa tano wanakuja vilevile. Kujua kwangu kutapunguza nini?"

"Sijasema kutapunguza."

"Wakianza kuvua bandeji, mimi sioni daktari wala nesi. Namwona huyu. Anaponiangalia hivi," akaonyesha mdomo wake mwenyewe kwa kidole kimoja kati ya viwili vilivyobaki bila bandeji, "najua kuna mtu anayejua. Sasa unaniambia alikuwa anamlilia mtoto wake. Sawa. Lakini alikuwa anajua, au siyo? Wengine wote wananiambia pole kama wanasoma kwenye karatasi."

"Hata yeye anasoma kwenye karatasi, Lugano. Karatasi niliyoiandika mimi."

"Basi niachie karatasi yako!" Alifoka mpaka akakohoa, na kioo kikaamka. Mwanamke wa kitambaa cheupe akainamisha uso, mdomo ukatetemeka. "Polepole, Lugano. Vuta pumzi." Akavuta. Mwili ulilegea palepale, mbele ya macho ya Subilaga, kama kamba iliyofunguliwa fundo.

Alitoka wodini akiwa na hasira zaidi kuliko alivyoingia, na safari hii hakujua amkasirikie nani. Kama kingekuwa kitu kisichofaa lolote, angekivunja akalala usingizi. Walikuwa wamechukua kitu chake cha ndani kabisa, bila hodi, wakakifanya dawa. Sasa walimwacha yeye, aliyeibiwa, abebe lawama ya kumnyima mgonjwa dawa.

*

Baraza lilikaa asubuhi ya Alhamisi, wajumbe watatu na mwenyekiti, mama mmoja mnyamavu mwenye miwani. Ushahidi haukuchukua muda. Macho yaliwekwa ukutani, makubwa, na kila mtu chumbani aliona nondo na boksi la sabuni. Daktari Kamugisha hakukana. Aliomba tu Baraza lisikie idadi ya vitanda, akaisoma, kisha akakaa.

"Mwalimu Mwaisaka," alisema mwenyekiti, "sheria inakupa wewe neno. Ridhaa au kufutwa. Ungependa kusema lolote kwanza?"

Subilaga alikuwa ameandaa hotuba. Aliiacha kwenye mkoba.

"Nimekwenda kumwona mgonjwa mmoja," alisema. "Anaumwa kuliko nilivyowahi kuumwa mimi. Kitu hiki kinamsaidia, nimeona kwa macho yangu. Mtu akiniambia nina roho mbaya, sitabishana naye. Lakini kama wangenijia wakasema, Mwalimu, tuna mtu ameungua, tunaomba picha zako, ningetoa. Kwa huyo mmoja ningetoa zote. Hawakuja. Na sasa wanaponijia, wanataka nisaini za kituo cha mabasi. Leo nikikubali kwa ajili ya wagonjwa, kesho hakuna mtu atakayebisha hodi kwa mwenzake tena. Watachukua kwanza, watatafuta mgonjwa baadaye, watamtanguliza mbele kama ngao. Ifuteni."

"Unaelewa kwamba ni miezi minne?"

"Naelewa. Ifuteni."

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ifutwe kesho saa tatu asubuhi," alisema, na akaandika.

Korido nzima ilikuwa na waandishi. Mmoja alimuuliza kama anajisikia ameshinda. Subilaga alimpita, akaelekea mlangoni.

*

Saa mbili na nusu kesho yake alikuwa kwenye stuli kando ya kitanda cha Lugano. Shuleni alikuwa ameomba likizo. Lugano aligeuza uso ukutani alipomwona.

Saa tatu kamili kioo kilizimika. Hakukuwa na sauti; mwanamke wa kitambaa cheupe alikuwepo, kisha akawa hayupo. Kwenye vitanda vingine wodini watu walianza kuitana, muuguzi akakimbia huku na huku akieleza.

Saa tano walikuja na bakuli, mkasi na bandeji mpya.

"Huyu mama atoke," alisema Lugano.

"Nitatoka ukitaka," alisema Subilaga. "Lakini mimi ndiye niliyemzima. Sikuona haki nikae nyumbani wakati wanakuvua bandeji."

"Atoke!"

Lakini muuguzi alikwisha anza, na alihitaji mtu wa kushika bakuli, basi Subilaga akashika. Hakujua kusema chochote cha kutuliza. Mdomo wake haukutetemeka, ulikauka. Lugano alipiga kelele, akamtukana, akamwita mchawi, akamwambia ndiyo maana Mungu alimnyima mtoto. Neno hilo lilimchoma Subilaga mpaka maji ya bakuli yakamwagika kwenye viatu vyake. Hakuliweka bakuli chini. Ilichukua dakika hamsini, mara mbili ya kawaida. Walipomaliza, kijana alikuwa analia kama mtoto, na Subilaga alitoka nje, akavua viatu, akavikung'uta maji kwenye mtaro.

Siku ya pili Lugano hakumtukana. Alifumba macho mwanzo hadi mwisho, akamkamata kifundo cha mkono kwa vile vidole viwili, kwa nguvu iliyomwachia alama nyekundu. Siku ya tatu alimuuliza kama kweli unga ukikauka usoni unauma. Subilaga alimwambia unavuta ngozi, na kwamba kucheka ndiyo vibaya zaidi, kwa sababu hupasuka wote kwa wakati mmoja. Akamsimulia jinsi alivyowahi kuipangusa kamera kwa mkono wa unga, ikabidi aifungue yote kwa sindano.

Jioni ya siku hiyo alipigiwa simu na mpiga picha wa Iringa asiyemjua. Alikuwa ameuona ushahidi wa Baraza, akachukua sura ya mashine nyingine, ya kampuni nyingine, inayofundisha watoto kusoma, akaikuza jicho. Mle ndani alikuta mlango wa banda lake la kuku. Walikuwapo wengine sita waliokuta madirisha yao vivyo hivyo. Subilaga aliwapa namba ya Baraza na akawaeleza, hatua kwa hatua, jinsi ya kuikuza mboni bila kuiharibu. Hasira yake ilikuwa palepale, haijapungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na kazi ya kufanya.

Siku ya nne alichelewa kwa dakika chache, mvua ilikuwa imefunga barabara ya Sokomatola. Alipoingia wodini stuli ilikuwa imechukuliwa na mgeni wa kitanda kingine. Alisimama mlangoni akitafuta pa kukaa.

Lugano alikuwa ameshamwona. Alisogeza miguu yake polepole kuelekea ukutani, mguu mmoja, kisha mwingine, akaacha nafasi ya mtu mmoja ukingoni mwa kitanda.